Bunge Lililokuwa la Malkia: Miaka 100 Tangu Kikao cha Kwanza

Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962, Katiba ya Tanganyika ilitamka kwamba Bunge la nchi lina sehemu mbili: Malkia, na Baraza la Taifa lenye wabunge. Malkia mwenyewe alikuwa Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka ule wote hakutia mguu nchini. Alikuja mwaka 1979, na alipokuja alipokewa kama mgeni wa taifa ambalo kisheria aliwahi kuwa mkuu wake.

Chombo hicho, ambacho leo kinaitwa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kinatimiza miaka 100 tarehe 7 Desemba 2026. Hesabu inaanzia kikao cha kwanza cha Baraza la Kutunga Sheria, lile ambalo wazee walizoea kuliita Lejiko. Umri huo umegawanyika vibaya: miaka 35 ya ukoloni, mwaka mmoja wa ufalme wa kikatiba, na iliyobaki yote ya jamhuri. Ajabu ni kwamba ule mwaka mmoja, usiopewa hata ukurasa katika vitabu vingi vya shule, ndio uliofanya kazi nzito kuliko miaka yake.

Kwa watu wa Mzenga, pale Kisarawe inapopakana na Kibaha, safari hii inasomeka kwa jicho lingine. Hapa ni Uzaramo, jirani kabisa na Dar es Salaam yalipokuwa makao ya Baraza. Lakini ukaribu wa njia haukuwa ukaribu wa kiti.

1926–1944: Baraza la Gavana

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Gavana alitunga sheria peke yake. Alikuwa na Baraza la Utendaji la kumshauri, basi. Walowezi na wafanyabiashara waliokuwa wakilipa kodi walidai nafasi ya kusikika. Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925 akitokea Nigeria, alikubali, na amri ya Mfalme wa Uingereza ikaanzisha Baraza la Kutunga Sheria.

Gavana ndiye alikuwa rais wa Baraza. Maofisa wa serikali walikuwa 13, na wajumbe wasio maofisa walioteuliwa mwanzoni walikuwa 7: Wazungu 5 na Waasia 2. Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Hoja ya Cameron ilikuwa kwamba hajapatikana Mwafrika mwenye Kiingereza cha kutosha kufuatilia mijadala, hivyo maslahi ya wenyeji yangesemewa na maofisa wa serikali. Kwa hoja hiyo, mamilioni ya watu walisemewa na walewale waliowatoza kodi ya kichwa.

Hata hivyo taratibu za nyumba zilianza kujengwa humo. Muswada ulisomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Maswali yaliulizwa na majibu yakaandikwa. Bajeti ilijadiliwa hadharani, ingawa serikali ilikuwa na uhakika wa kushinda kila kura.

1945–1957: Machifu, mwalimu na kiti cha Spika

Mwaka 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliapishwa: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Mwaka 1947 akafuata Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, na mwaka 1948 Juma Mwindadi, mwalimu wa Dar es Salaam.

Uteuzi huo ulifuata ramani ya utawala wa kupitia machifu. Penye himaya yenye kiti na ukoo unaotambulika, Gavana alijua mlango wa kubisha. Uzaramo haukuwa na chifu mkuu mmoja. Ulikuwa na viongozi wa maeneo, wakiwemo wale wenye cheo cha Pazi. Kwa hiyo eneo lililokuwa mlangoni mwa mji mkuu halikuwa na mtu wa kuitwa "chifu wa Wazaramo" akaketi karibu na Shangali na Makwaia. Mwindadi alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kalamu nayo inaweza kumfikisha mtu pale.

Mageuzi ya miaka ya 1950 yalikuja kwa kipimo. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining aliachia uenyekiti wa vikao, na Brigedia W. E. H. Scupham akawa Spika wa kwanza. Mwaka 1955 Baraza lilipanuliwa hadi wajumbe 61. Wasio wa upande wa serikali walikuwa 30, viti 10 kwa kila rangi: Waafrika, Waasia na Wazungu. Usawa huo ulikuwa wa viti. Kwa idadi ya watu, Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya wakazi.

Mwaka huohuo Baraza lilipata ukumbi wa hadhi yake, Karimjee, uliotolewa na familia ya wafanyabiashara wenye jina hilo. Mmoja wa familia hiyo, Abdulkarim Karimjee, alikuja kuwa Spika, na ndiye aliyekalia kiti hicho siku ya Uhuru.

Julius Nyerere alipita katika Baraza hilo mara mbili kwa uteuzi. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1954, kwa muda, alipomshikia nafasi Makwaia aliyekuwa kwenye Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1957. Kabla mwaka huo haujaisha alijiuzulu, akisema serikali haikuwa tayari kusikiliza hoja zake. Alirudi kwa kura.

1958–1961: Kura tatu mkononi

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Mashariki, ambamo Uzaramo ulikuwemo, lilipiga kura katika awamu ya kwanza, na mgombea wa chama cha TANU wa kiti cha Mwafrika alikuwa Nyerere mwenyewe. Alishinda. Kwa hiyo mbunge wa kwanza wa kuchaguliwa wa watu wa Mzenga, kwa mpangilio wa majimbo ya wakati ule, alikuwa mtu ambaye baadaye nchi nzima ilimwita Baba wa Taifa.

Lakini ni wangapi wa Mzenga waliopiga kura? Sharti lilikuwa mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo kinachotambulika. Mkulima wa mihogo na korosho hakuliona daftari la wapiga kura. Inapendeza kukumbuka kwamba Agosti 1958, wiki chache kabla ya uchaguzi, mahakama ya Dar es Salaam ilimtoza Nyerere faini ya pauni 150 kwa kosa la maandishi ya kashfa. Fedha ya kumpa mtu haki ya kupiga kura ilikuwa sawasawa na fedha ya kumwepusha kiongozi wake na jela.

Jambo lililogawanya zaidi lilikuwa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Ndani ya TANU wengi walitaka kususa. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki, uamuzi uliopewa jina la Uamuzi wa Busara, na Zuberi Mtemvu aliyeukataa akaenda kuanzisha chama cha African National Congress. TANU iliunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na sera zake, ikazoa kila kiti ilichogombea. Miongoni mwa walioingia kwa njia hiyo walikuwa wanawake watatu: Sophia Mustafa, Lady Marion Chesham na Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi aliyekuwa mwalimu Bukoba.

Agosti 1960 masharti ya kupiga kura yalikuwa yamelegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha. Kati ya viti 71, TANU ilipata 70, na wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Kiti kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea binafsi. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuwahamasisha wanawake kujiunga na chama, aliingia Bungeni kwa tiketi ya Rufiji, majirani wa kusini mwa Kisarawe.

Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, Waziri wa Makoloni Iain Macleod akisafiri kuja Dar es Salaam. Makoloni mengine yalizoea kuitwa London. Oktoba mwaka huohuo ukumbi uleule ulisikia mjadala mkali kuhusu muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alikataa katakata, akatamka kwamba serikali yake ingejiuzulu kama hoja ya rangi ingeshinda. Haikushinda.

Desemba 1961–Desemba 1962: Mwaka wa Malkia

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Mwanamfalme Philip alimwakilisha mkewe katika sherehe za Uhuru. Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, aliamka akiwa Gavana Mkuu. Mtu ni yuleyule, lakini kazi ilikuwa nyingine. Gavana alikuwa mtawala. Gavana Mkuu alitia saini miswada kwa jina la Malkia, kwa ushauri wa mawaziri waliowajibika kwa wabunge wa kuchaguliwa. Hiyo ndiyo maana ya ufalme wa kikatiba: taji linabaki juu ya karatasi, uamuzi unashuka kwa walioshinda kura.

Pia inafaa kusema kwamba Tanganyika haikuwa peke yake. Uganda ilikuwa chini ya Malkia kuanzia Oktoba 1962 hadi Oktoba 1963, Kenya kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Nchi zote tatu zilimaliza mwaka mmoja kwa siku ileile ya sherehe. Zanzibar ilikuwa na ufalme wa nyumbani: Baraza lake la Kutunga Sheria, lililoanza mwaka 1926 kama la Bara, lilikuwa chini ya Sultani. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulimfanya Sultani Jamshid bin Abdullah kuwa mkuu wa nchi ya kikatiba, Mohamed Shamte akiwa Waziri Mkuu. Ufalme huo ulidumu kwa zaidi kidogo ya mwezi mmoja, hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Visiwani chombo cha kutunga sheria chenye wajumbe wa kuwakilisha wananchi kilirudi mwaka 1980, kwa jina la Baraza la Wawakilishi.

Bara, mwaka wa Malkia ulianza kwa mshituko. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Rashidi Kawawa akachukua nafasi. Hakuna bunge jipya la kanda hii lililopimwa mapema kiasi hicho kama linaweza kubadili kiongozi wa serikali bila fujo. Lilifanya hivyo kimyakimya, kwa taratibu zilezile za Kiingereza walizozikuta.

Chini ya Kawawa, Bunge lilifanya kazi kwa kasi. Mwishoni mwa Mei serikali ilichapisha waraka wa mapendekezo ya jamhuri. Mwishoni mwa Juni wabunge waliujadili na kuupitisha. Novemba wakageuka Bunge la Katiba na kupitisha Katiba ya Jamhuri. Si kila kilichopitishwa mwaka huo kinastahili shangwe. Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya Septemba 1962, iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, nayo ilizaliwa humo, na migomo ya wafanyakazi ilibanwa kisheria mwaka huohuo.

Tarehe 1 Novemba 1962 wananchi walimchagua Rais. Nyerere alipata kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Tarehe 9 Desemba ufalme ukaisha.

Sasa tazama walichokifanya watunga katiba. Hawakulivunja jengo. Palipoandikwa Malkia, waliandika Rais. Ibara ya 62 ya Katiba ya leo inasema Bunge litakuwa na sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Ni sentensi ya mwaka 1961 yenye jina jipya. Siwa bado hutangulia msafara wa Spika, imebebwa na Mpambe wa Bunge. Rais huja kulifungua Bunge jipya kwa hotuba, kama taji lifanyavyo London. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: Malkia hakuwa na sera ya kuitetea. Rais anayo, ana chama, na saini yake si ya heshima tu. Akiukataa muswada anaurudisha pamoja na sababu. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, ana siku 21 za kuukubali au kulivunja Bunge. Nguvu iliyokuwa ya sherehe ilikabidhiwa mtu mwenye dola mkononi.

1962–1994: Spika wa Kalenga

Historia ya uongozi wa nyumba hii haina jina lililodumu kama Adam Sapi Mkwawa. Babu yake ndiye Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, na ni yeye aliyepokea fuvu la mzee huyo huko Kalenga mwaka 1954, Twining alipolirejesha kutoka Ujerumani. Mwaka 1962 alimrithi Karimjee, akawa Spika wa kwanza Mwafrika. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria, na aliyekuwa amekalia kiti cha Bunge hilo alikuwa chifu. Aliongoza hadi 1973, akampisha Erasto Mang'enya, akarudi mwaka 1975 na kukaa hadi 1994.

Ni chini yake Bunge la Tanganyika liliridhia Hati za Muungano, tarehe 25 Aprili 1964. Ni chini yake pia nchi iliingia mfumo wa chama kimoja mwaka 1965. Uchaguzi wa mwaka huo uliwapa wananchi wagombea wawili wa TANU katika majimbo mengi, wakitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Wengi walidhani ni mchezo, mpaka Waziri wa Fedha Paul Bomani alipoanguka Mwanza, na Bibi Titi akaanguka Rufiji.

Miaka hiyo kauli ya mwisho ilihamia kwenye vikao vya chama, hasa baada ya 1975 chama kiliposhika hatamu. Bunge halikukosa kazi. Sheria iliyounda mamlaka ya TAZARA ya mwaka 1975, pacha wa ile ya Zambia, ilitoka humo, na reli hiyo ya kilomita 1,860 ikaacha kituo Mzenga.

1995 hadi leo: Dodoma

Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992 na uchaguzi wake wa kwanza mkuu ukawa 1995. Pius Msekwa alikuwa Spika kuanzia 1994 hadi 2005, na ukumbi wa Dodoma uliotumika wakati huo umebaki na jina lake. Jengo jipya lilianza kutumika mwaka 2006 chini ya Samuel Sitta. Anne Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika, 2010 hadi 2015. Job Ndugai alifuata, akajiuzulu Januari 2022. Tulia Ackson aliyechukua nafasi yake alichaguliwa Oktoba 2023 kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1926 | Kikao cha kwanza cha Baraza la Kutunga Sheria, 7 Desemba |
| 1945 | Waafrika wawili wa kwanza waapishwa |
| 1953 | Spika wa kwanza |
| 1955 | Wajumbe 61. Ukumbi wa Karimjee |
| 1958–59 | Uchaguzi wa kura tatu |
| 1961 | Uhuru. Bunge la Malkia na Wabunge |
| 1962 | Katiba ya Jamhuri; Spika wa kwanza Mwafrika |
| 1964 | Hati za Muungano zaridhiwa |
| 1965 | Chama kimoja |
| 1985 | Viti 15 vya wanawake |
| 1995 | Bunge la vyama vingi |
| 2006 | Jengo jipya Dodoma |
| 2010 | Spika wa kwanza mwanamke |
| 2021 | Kiswahili chawa lugha ya sheria |

Mstari wa mwisho wa jedwali unamjibu Cameron moja kwa moja. Kwa muda mrefu wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi aliyefuatilia mjadala redioni alishindwa kuisoma sheria yenyewe. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalitamka kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Upande wa pili wa daftari ni matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya taifa, yaliyopunguzwa mwaka 2016. Uamuzi huo ulilalamikiwa sana na wabunge wa upinzani, na kwa haki.

Leo mtu wa Mzenga hukutana na Bunge zaidi kupitia kamati. Ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa hupitia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu halmashauri, za Kisarawe na Kibaha zikiwemo, na wakurugenzi huitwa kueleza fedha zilikwendaje. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wizara husoma bajeti zao, na katika majedwali ya Wizara ya Ujenzi jina la barabara ya Makofia–Mlandizi–Vikumburu limekuwa likijitokeza mwaka hadi mwaka. Wakulima wanaotoa korosho ukanda huu husubiri kuona limeandikiwa kiasi gani, na kiasi hicho kikipita, kinabaki Muswada wa Matumizi ya Serikali, unaokwenda kwa ile sehemu nyingine ya Bunge ili utiwe saini.